Daftari la Tatu

Jina? Zihalirwa. Mvulana, kilo tatu na robo.
Baba fundi viatu, karibu na ngazi zilizokatika.
Mama mchuuzi wa sambaza; beseni ameliacha mlangoni,
nzi wamejiandikisha kabla ya mwanawe.

Mwaka nilioajiriwa, daftari moja lilitufikisha Noeli.
Hili ni la tatu, na mahindi ya Septemba hayajapandwa.

Usinielewe vibaya. Ya zamani nimeyafungua,
yale yaliyoliwa na panya pembeni:
katika kila majina matatu, moja lina msalaba wa penseli.
Surua. Kuhara. Surua. Sababu haijulikani.
Misalaba imepungua, na hapo ndipo wingi wetu ulipoanzia.
Sijaona anayetaka turudi kule.

Ila babu yangu wa Walungu alikuwa na kilima,
kutoka kijito mpaka kwenye mikaratusi.
Wana saba wakakikata kama mkate wa matanga,
wajukuu wakapata matuta,
mimi nikapata hadithi, na nyumba hapa Kadutu
ambayo kila mvua inaisogeza kidogo kwa jirani.

Wazee walisema: mikono mingi, kazi haba.
Walimaanisha shamba litaisha kabla jua halijawa kali.
Shuka leo bandarini, uisome upya, neno kwa neno:
mikono mingi.
Kazi, haba.
Dada yangu Nabintu hubeba magunia kwa kamba ya paji la uso.
Gunia la muhogo lilikuwa franka elfu moja na mia tano;
sasa mia tisa, na akikataa, mgongo mwingine umeshainama.
Magunia ni yaleyale.

Alikuja bwana mmoja na mchoro wake ukutani,
pembetatu, pana chini.
"Huu ni mtaji," akasema, akigusa upana kwa fimbo.
Labda. Nilimtazama Mwalimu Bisimwa:
watoto themanini na wanne, madawati kumi na tisa,
chaki moja anaivunja mara tatu.
Mtaji gani unaokaa sakafuni?
Na bado, wawili kati yao wananishinda hesabu.

Daftari langu lina safu ya kazi ya baba, safu ya kazi ya mama.
Ya mtoto haipo. Nimepima ukingo kwa rula: ingeenea.

"Huyu ni wa ngapi?" fundi anauliza.
Wa mwaka huu? Wa elfu mbili na kumi na moja.
Anahesabu kwa vidole vyenye gundi.
"Miguu elfu nne na ishirini na miwili!"
Anacheka; tayari anaiona foleni mbele ya kibanda.
Kisha anatazama ndala za mkewe, zilizoshonwa kwa waya.
"Ila kiatu huisha kwa kutembea, karani.
Hawa watakuwa wanakwenda wapi?"

Napiga muhuri. Wino umekuwa mwepesi siku hizi.
Mama anainua beseni kichwani, mtoto mgongoni,
na nje, kwenye benchi, wanasogea.