Saini Tatu

Kutoka Isevya hadi ghalani ni hatua elfu moja na mia nne.
Zamani sikuzihesabu.
Leo mguu wa kushoto unalipa taslimu,
wa kulia unakopa,
unaburuza kandambili mchangani
na kuniachia nyuma mstari
kama wa mtoto anayejifunza kushika rula.

Miezi kumi na mmoja.
Kitete, kitanda cha dirishani,
kisha mkeka wa nyumbani, na binti yangu Kalunde
akinikunja vidole na kunikunjua
huku akikariri jedwali la saba.
Saba mara sita niliijua.
Jibu lilikuwemo kichwani, zima zima,
ila njia ya kuja ulimini ilikuwa imefungwa.

"Karibu tena, karani," anasema Mihayo wa ghala.
"Tumekupangia nusu siku."
Nusu siku, nusu mshahara.
Sawa. Nusu yangu nyingine bado iko njiani.

Kiti ni kilekile. Kitabu cha mapokezi
kimejaa mwandiko wa mwingine,
herufi ndefu, za haraka, za kijana
mwenye mikono miwili asiyejua kuwa anayo.

Wa kwanza mlangoni ni Sizya Kapufi, wa Sikonge,
ndoo tatu, asali ya miombo, nyeusi kidogo.
Nasoma mizani. Macho hayakuguswa.
"A-sha-li," nasema.
Miaka kumi na tisa nimelitamka neno hili
mara nyingi kuliko jina la marehemu mume wangu,
na ndilo linaloning'ang'ania pembeni mwa mdomo.
Sizya anangoja. Hanimalizii.
Wengi hunimalizia.

Naandika risiti kwa kushoto, herufi zikiegemeana
kama walevi wa wanzuki watokao kilabuni.
Namnyooshea. "Samahani, ni kushoto."
Anaitazama karatasi,
anahamishia kofia mkono wa kulia,
anapokea kwa kushoto chake,
kisha anabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino
kama alivyobonyeza kila msimu,
nami, kama kila msimu, natazama pembeni.
Nilidhani ni adabu, kule kutazama pembeni.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi,
mhasibu, kijana mgeni, analinganisha karatasi mbili.
"Saini hii haifanani na ya kwenye faili."
"Hata mimi sifanani naye."
Hakucheka. Akanipa fomu:
saini mara tatu, na zote zilingane.

Ya kwanza ikadondoka chini ya mstari.
Ya pili, herufi ya mwanzo ikakosa mguu.
Ya tatu niliipenda, lakini ilikuwa ya mtu mwingine,
mtu wa darasa la kwanza, aliyetoa ulimi nje akiandika.
"Mama, hizi ni za watu watatu."
"Ndiyo. Na wote wanadai."

Hapo akacheka, akaona haya,
akanisogezea pedi.
Pedi ileile. Kifuniko chenye ufa niliufunga mimi
kwa gundi, mwaka wa mvua nyingi.
Foleni nyuma yangu ikanyamaza;
nikasikia watu wakitazama pembeni.

Nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto
kama unavyoshika mkono wa mgeni asiyeona,
nikaubonyeza.
Sikuhisi wino, sikuhisi karatasi.
Lakini mistari ilitoka, duara ndani ya duara,
safi, haikupungua hata mmoja,
na mhasibu akaweka kitambulisho changu kando yake,
akainama, akatikisa kichwa kukubali:
kidole kilichokwisha kunisahau
ndicho pekee kilichobaki kufanana nami.

Fedha nikazihesabu mara mbili, polepole,
na foleni ikangoja.

Nyumbani Kalunde akanigeuza kiganja.
"Umepaka nini?"
"Shaini."
Hakunihurumia. Ana miaka tisa na ni mwalimu mkali.
"Saini, mama. Rudia."
Nikarudia.