Wati Mia

Kwenye karatasi zangu hakuna mtu mwenye jina.
Kuna mtu aliyeketi: wati mia.
Mtoto wa chekechea: sabini, akirukaruka zaidi.
Mpishi mbele ya jiko lake sijui hata nimhesabu vipi;
nampa feni ya kutolea moshi, namwombea heri.

Ndiyo kazi. Wakiniuliza nasema:
natengeneza hali ya hewa ya ndani.
Hapa Ulaanbaatar wanacheka,
maana ile ya nje nani angethubutu kuichora?
Januari, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
kope zinagandana, moshi wa makaa umejilaza mtaani
kama ng'ombe aliyegoma kuamka.

Wiki ile tulikuwa tukibishania chekechea ya Yarmag.
Temuulen, msanifu, kijana wa viatu vya bei mbaya,
alitaka ukuta mzima uwe kioo,
"watoto wauone mlima."
Mlima hauna haraka, nikamwambia.
Joto ndilo lenye haraka; likiona kioo, linaaga.

Mkuu wetu, Purevsuren, akagonga meza kwa kalamu:
"Watoto mia na ishirini, mara sabini.
Wati elfu nane na mia nne, za bure!
Boila ya pili ya nini?"
Hesabu yake haikuwa na kosa.
Nikamuuliza: na Jumatatu saa kumi na moja alfajiri,
kabla mtoto wa kwanza hajavuliwa kofia,
mlinzi yuko peke yake na birika lake,
nani atayapasha maji ya bombani?
Bomba likiganda halipigi kelele.
Linanyamaza, linavimba, linangoja mchana.

Hakujibu. Boila ya pili ikabaki kwenye mchoro
kwa penseli, maana yake kwa muda.

Nikarudi nyumbani. Mama kavaa joho la baba,
lile la ngozi ya kondoo, mikono imemmeza.
"Nyumba imekuwa baridi."
Nikashika radieta: inaunguza.
Nikatoa kipimajoto cha kazini
(aibu, lakini nilikitoa):
sebuleni ishirini na nne, dirishani ishirini na moja.
"Mama, joto lipo."
"Nimekwambia ni baridi. Tangu Oktoba."

Oktoba.

Nikapiga magoti, nikalegeza vali kwa bisibisi,
maji meusi yakanirukia kiganjani,
nikafurahi, kumbe kuna kitu cha kutengeneza.
Hakikuwepo. Hewa kidogo tu, pumzi moja, ikaisha.
Nyuma yangu kiti chake, kile cha karibu na redio,
mto bado umebonyea.

Mtu aliyeketi: wati mia.
Miaka thelathini na sita chumba hiki kilikuwa naye ndani,
akikohoa, akisoma gazeti kwa sauti, akimkera mama,
akitoa joto lisilo na bili, kiangazi na kipupwe.
Nimepunguza pampu, nimepunguza mabomba,
nimepunguza hata unene wa kuta za watu.
Hakuna aliyenifundisha kumpunguza mtu.

Sikusema hayo. Ningeyasemaje?
Mama angeona nimemgeuza mumewe jiko.
Nikaketi. Si kitini pake, la;
zuliani, mgongo ukigusa miguu ya mama.

Hatukuongea sana. Jirani wa juu aliangusha sufuria.
Baadaye mama akafungua kifungo cha juu cha joho, kisha cha pili,
akaanza kulalamika kwamba mabomba ya mji huu hayana adabu,
yanatokota kama supu ya harusi, nani kayachora,
na mimi, mchoraji, nikakaa kimya.
Akainuka, akafungua dirisha upana wa kidole,
kama alivyofanya kila mwaka baba akimgombeza,
na joto letu lote
likatoka nje kwenda kuuona mlima.