Chini ya Gari

Fernand anasifu rangi, redio, viti vya ngozi.
Ghislaine hasikii. Amelala chali thelujini,
tochi mdomoni,
anagonga chasisi kwa bisibisi.

Chumvi wanayomwaga barabara za Rimouski
hula chuma polepole, kama riba.
Kizuri chajiuza. Hili limeoshwa mara mbili
na bado linasemewa.

La pembeni sura halina:
mlango umebonyea, kiti cha nyuma chanuka mbwa.
Lakini asubuhi hii, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
limewaka kwa ufunguo mmoja,
na magurudumu yote manne yanavuta.

“Mama, ni baya,” anasema Maëlle.

Ghislaine anajipangusa theluji mgongoni.
“Lile la baba yako lilikuwa zuri.”

Anavua glavu.
Anahesabu noti.