Msumari wa Ufunguo

Ufunguo wa chumba cha seva ulining'inia juu,
juu ya swichi, juu ya kalenda ya mwaka juzi,
pale alipopigilia msumari mtu mrefu
asiyewaza kuwa kuna mfupi atakayekuja.
Miezi miwili nilipanda kiti,
kiti cha magurudumu, nawe wajua
kiti cha magurudumu hakina adabu.

Sikusema. Nilitoka mahali ambako kusema
kulikuwa kumwaga maji kwenye vumbi la Nkuhungu:
yanalia chii, basi, ardhi imekauka tena.
Kule, kikao kikianza, macho yalitafuta birika
kisha yakanitafuta mimi.
Kule nilitaja kosa la programu saa tatu asubuhi,
likasikika saa tano, kwa sauti nzito ya mwenzangu,
likapigiwa makofi.
Nilimimina chai. Nilihesabu vikombe: kumi na kimoja.
Changu hakikuwemo.

Hapa Makulu, ghorofa ya pili,
upepo wa Agosti unasukuma vumbi jekundu chini ya mlango.
Siku ya kwanza nililisubiri lile birika.
Chilongani akainuka, akamimina chake, akaketi.
Perisi akamimina chake.
Nikakaa na kiu hadi saa sita
kwa kutojua kuwa ninaweza tu kunywa.

Halafu ule usiku wa ankara za maji.
Mimi, Damari binti Ndahani, kwa kidole hiki,
nilifuta jedwali la wateja wa Kizota,
nyumba elfu sita na mia nne,
na mita zao, na madeni yao
(wangejua, wangenichinjia mbuzi).
Mikono ikapoa. Kichwani nikaanza barua ya kuacha kazi,
nimefika "kwa heshima na taadhima",
Chilongani akavuta kiti, hakukisogeza karibu mno,
akauliza: "Mfumo ulikuruhusuje?"

Nikasubiri swali la pili, lile la nani.
Nikalisubiri kama mtu anayesubiri kofi,
shingo imeshajikunja yenyewe.
Perisi alikuwa ameanza kurejesha nakala ya jioni.
Saa nane usiku tukatafuna karanga za mlinzi
huku jedwali likirudi mstari kwa mstari,
kama mbuzi wanaoingia zizini mmoja mmoja
na anayewahesabu hana fimbo.

Kwenye ripoti jina langu lilikaa mahali pamoja:
penye pendekezo la kinga mpya.
Lilikuwa pendekezo langu.
Nililisoma mara tatu, nikitafuta mtego.

Sisemi hapa ni peponi. Mshahara huchelewa.
Jenereta hukohoa kama limelala nje.
Na kijana mmoja mgeni alimwita Perisi "mrembo"
mbele ya kikao kizima.
"Mhandisi," akasema Perisi, akaendelea kuchora ubaoni.
Hakuna aliyecheka ili kumwokoa yule kijana.
Hakuna aliyesema ni utani tu, dada, usikunje uso.
Kimya kile kilikuwa na uzito mzuri,
kama blanketi Juni.
Nilikwenda nacho nyumbani. Nikalala kabla ya taarifa ya habari.

Na msumari?
Jumatatu moja niliinua mkono kwa mazoea,
mguu ukikitafuta kiti,
vidole vikagusa ukuta mtupu.
Ufunguo ulikuwa mbele ya uso wangu, usawa wa jicho.
Huko juu tundu la zamani
limezibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia.

Niliuliza ni nani. Wakatazama skrini zao.
Chilongani, bila kugeuka, akasema msumari ulikuwa umelegea.

Haukuwa umelegea.
Miezi miwili nimeushika nisianguke.
Naujua.