Chupa Mbili

Usiku wa manane, Darkhan. Baridi nje
imeshuka thelathini na moja chini ya sifuri,
moshi wa makaa umegoma kupaa.
Humu maabara kitu kimoja tu kina joto la mwili:
kabati la kuoteshea damu.

Miaka kumi na miwili nimelilisha maiti.
Chupa zilinifikia zimechelewa,
dawa imeshapita mshipani kama ufagio,
nami naandika: "Hakuna kilichoota."
Tuliwanyonga mashahidi
kisha tukawaita kizimbani,
na kimya chao tukakitolea hukumu.
Usiniulize wagonjwa wangapi. Daftari lipo.
Sijalifungua.

Sasa wodini wana kishikwambi,
kioo kimepasuka pembeni, kimezibwa kwa plasta ya vidonda.
Daktari akigusa jina la antibiotiki
kinamuuliza swali lile lile, bila haya:
"Damu imeshatolewa?"
Daktari Munkhjin anakiita mama mkwe.
Wiki ya kwanza alikidanganya mara tisa.
Najua, maana kila uongo uliniletea ujumbe huku chini:
chupa inakuja.
Haikuja.
Nikapanda ngazi na koti langu lenye madoa,
nikasimama mlangoni, sikusema kitu.
Mara ya kumi, ikaja.

Ndipo akaletwa Badamkhand, mshona kofia za manyoya,
homa thelathini na tisa na nusu,
anaita majina ya mbwa waliokwisha kufa.
Delgermaa alihangaika na mishipa yake, uzi wa cherehani,
mkono wa kulia, kisha wa kushoto.
Chupa mbili: saa nane na dakika sita.
Dawa: saa nane na dakika kumi na nne.
Dakika nane!
Kumbe ndizo tulizozionea uchoyo.

Nikazilaza kabatini, moja kando ya mwenziwe.
Alfajiri, taa ya kijani. Jioni, kijani.
Siku ya pili nikaja mapema, sijavua hata glavu:
kijani.
Kipimo cha pua kikatoa siri, ni virusi vya mafua.
Mama mkwe hakukosa la kusema:
"Bado mnaihitaji dawa hii?"
Munkhjin akacheka peke yake, akaisimamisha.

Nikaandika: "Hakuna kilichoota."
Maneno yale yale, mwandiko ule ule.
Ila zamani nilikuwa naparaza herufi mbili tu chini ya karatasi.
Safari hii nimeandika jina zima:
Tsendsuren, binti Lkhamjav.