Kikapu cha Saba

Huku Goba bondeni, nyuma ya kiwanda cha matofali,
kuna njia ya nyasi isiyotosha ng'ombe wawili kupishana.
Kushoto mikorosho imeinama kama watu waliodondosha sarafu,
kulia michongoma, na nyuma ya michongoma upupu,
na mwisho wa yote, mita themanini na mbili,
kikapu alichokichomelea Pazi
kwa rimu ya baiskeli na mnyororo wa kisima kilichokauka.

Tunaita shimo la saba, ingawa shimo halipo.
Tumezoea. Hata kituo cha Kisimani hakina kisima.

Chausiku hutangulia. Hana nguvu, ana kiwiko.
Anakishika kisahani kama anayepepeta mchele,
anasoma upepo kwenye majani, hasemi kitu,
kisha fyuu,
chini, chini kabisa ya tawi la kwanza,
kinapenya kati ya vigogo kama mtu aliyechelewa swala
anayetafuta nafasi kwenye safu,
kinatua. Hata njiwa hakushtuka.

Mimi ni mpima ardhi. Miaka ishirini na sita
nimelipwa kwa ajili ya mstari ulionyooka.
Nikiona uwazi kati ya miti miwili, jicho langu
linavuta uzi, linabana, linaandika namba.
Na hilo ndilo linaloniponza hapa,
maana kisahani hakijui rula;
kinakwenda sawa kwa muda wa kukudanganya tu,
halafu kinakumbuka kushoto.

Ko! Mkorosho.
Kikadunda kuvuka njia,
kisha ule ukimya wa kitu kuzama majanini.

Pilipili usiyoila yakuwashiani, waliuliza wahenga;
hawakuwahi kuingia upupuni kufuata sahani ya plastiki.
Niliingia na mikono mirefu, soksi juu ya suruali,
fimbo kwa ajili ya nyoka, dua kwa ajili ya mengine.
Mbigili zilinihesabu vidole. Kenge alinitazama
kama mwenye nyumba atazamavyo dalali.
Nikapata sahani ya kijani, si yangu,
imeandikwa MWINYIMVUA kwa wino uliofifia;
nikapata kandambili ya mguu mmoja;
nikapata jiwe.

Zege, la mraba, limeota ukungu,
na kichwani namba iliyochongwa kwa mkono ninaoujua:
saba yake ina mkato katikati.
Mkono wangu.

Mwaka ule bonde hili lilikuwa shamba la mtu.
Nilipita na kamba, kijana wa panga mbele yangu,
nikaligawa vipande arobaini na viwili,
barabara ya mita sita hapa,
uwanja wa watoto pale kwenye mteremko usiouzika.
Mama mmoja alinipa maji kwa kikombe cha bati,
akauliza, "Sasa korosho hizi zitakuwa zinaangukia kwa nani?"
Nikacheka. Nikanywa maji. Nikachonga namba.
Kesi ikaenda mahakamani, ikakaa huko,
na nyasi hazisubiri hukumu.

"Umekipata?" Pazi aliita kutoka njiani.
"Bado."
"Sasa umeinamia nini?"

Kisahani changu kilikuwa juu ya kichwa changu muda wote,
kimenasa kwenye michongoma, chekundu, kama tangazo.
Adhabu mtupo mmoja.
Nikasimama, kisigino kwenye jiwe langu,
mbele yangu upenyo wa upana wa mlango wa choo,
na kwa mara ya kwanza sikulenga kikapu.
Nililenga pembeni, kwenye kichuguu,
nikakiacha kikumbuke chenyewe.

Kiligonga mnyororo, kikalia, kikaanguka nje.
Chausiku akaandika tano, bila huruma.

Usiku mke wangu alinipaka majivu mikononi,
akauliza ni mchezo gani huu, mtu mzima na mvi zake
kujitosa porini kwa ajili ya sahani.
Nikamwambia ile saba bado inasomeka.
Akaniambia nigeuke, mgongo nao umevimba.