Anayesubiri Upande wa Pili

Zimesalia siku tatu Kutaisi ifunge milango.
Mhariri wangu, Otari, keshasema: mpango wa hadithi
uwe mezani kwake kabla hajapanda basi kwenda kwa wakwe,
ukurasa mmoja, na usiwe na mvua ndani yake.
(Mwaka jana nilimpa mvua kurasa arobaini.)

Basi nimesoma, kama mtu anayetafuta ufunguo
mifukoni mwa makoti yasiyo yake.
Kitabu cha nyuki, cha jirani Tsiala, chenye madoa ya nta:
kumbe malkia mpya hulia kabla hajatoka kijumbani,
na sijui nitaitia wapi sauti hiyo.
Riwaya nene ya vita, nimeiacha ukurasa wa tisini;
kila mtu humo anajua atakachosema.
Na shajara ya mlinzi wa kivuko cha reli,
niliyoinunua karibu na daraja kwa bei ya mkate,
kurasa za mwisho zimechanwa,
pengine kuwashia jiko.

Yeye ndiye niliyemwiba.
Nimemwita Bondo. Nyuma ya bili ya umeme nimeandika:
Treni haipiti tena. Bondo bado anashusha kizuizi
kila siku, saa kumi na dakika kumi.
Kwa nini?
Chini ya kwa nini nimepiga mstari, kisha mwingine,
hadi karatasi ikatoboka
na deni la Novemba likachungulia.

Jikoni shangazi Nazibrola anavunja maganda ya jozi,
gozinaki za mwaka mpya. Asali inachemka,
dirisha limeingia ukungu.
Namsomea mpango. Hanitazami.
"Mlinzi nimemwelewa," anasema. "Mkono umezoea kazi, basi.
Lakini huyo aliyesimama upande wa pili,
njia nyeupe, treni hakuna, angeinama tu akapita,
na hapiti. Huyo ni nani?"

Nikanyamaza.
Nikamwona: mwanamke, baiskeli, mguu mmoja chini,
jibini kapuni limefungwa kwa gazeti,
anachelewa mahali, kwa makusudi.

Nikanyoosha mkono nichukue kalamu.
Vidole asali tupu.
"Koroga," akasema shangazi, "isije ikaungua.
Kama kweli ana shida na wewe, atangoja."

Nikakoroga.
Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika tisa.